Fritz Zwicky: Jamaa aliyeiona lenzi angani, akafa kabla haijapatikana

Unaikumbuka ile picha ya Julai 2022? Darubini ya James Webb ilikuwa imetoa picha yake ya kwanza ya rangi, Rais wa Marekani akaitangaza akiwa White House, na kufikia asubuhi ilikuwa imejaa kwenye status za kila mtu. Maelfu ya galaksi kwenye kipande cha anga kidogo kiasi kwamba ungekifunika kwa chembe ya mchanga iliyo kwenye ncha ya kidole, ukiwa umeunyoosha mkono.

Mimi niliiona nikiwa kwenye bedsita yangu, tokeni za stima zimeisha, bando linakaribia kuisha pia. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache tu nyuma na sikuwa nimewaambia watu wa nyumbani. Nikavuta ile picha karibu, na nikaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikizungumzia kwenye group yetu. Baadhi ya galaksi zilikuwa zimepinda. Zilikuwa ndefu, nyembamba, zimejikunja kama ndizi kuzunguka katikati ya picha, kana kwamba mtu amezimwagia maji kabla hazijakauka.

Nilidhani ni hitilafu ya kamera. Kumbe ndiyo ilikuwa sehemu tamu zaidi ya picha yote. Na mtu aliyesema kwamba siku moja tutaona galaksi kupitia galaksi nyingine namna hiyo alikuwa amezikwa miaka 48 iliyopita, kwenye kijiji cha milimani Uswisi.

Jina lake ni Fritz Zwicky. Kama hujawahi kumsikia, hauko peke yako.

Zwicky alizaliwa Februari 14, 1898, katika mji wa Varna, Bulgaria, ulio ukingoni mwa Bahari Nyeusi. Babake alikuwa mfanyabiashara Mswisi, mamake alikuwa wa asili ya Kicheki. Akiwa na miaka sita tu alifungishwa mizigo na kupelekwa kwa jamaa za babake katika jimbo la Glarus, Uswisi, ili asomee biashara kama mzee wake.

Wengi wenu mnaijua hiyo hadithi. Mzazi ana mpango, mtoto ana mpango mwingine. Fritz alipenda hesabu na fizikia, na hatimaye akaingia chuo kikuu cha ETH kule Zürich, kile kile alichosomea Albert Einstein. Alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1922. Wala haikuwa ya nyota. Alikuwa anachunguza jinsi chembe zinavyoshikana ndani ya fuwele, vitu vya kawaida kama chumvi.

Mwaka wa 1925 alipata ufadhili wa Rockefeller na kuhamia Marekani, katika taasisi ya Caltech mjini Pasadena, jimbo la California. Karibu na hapo kulikuwa na mlima Wilson, na juu ya mlima huo darubini kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Mtu wa chumvi akaanza kuangalia juu. Hakurudi chini tena.

Sasa lazima nikwambie mapema: jamaa huyu alikuwa mgumu. Mgumu kweli. Alikuwa mpanda milima mwenye mwili wa chuma, na bado inasimuliwa pale Caltech jinsi alivyokuwa akipiga push-up za mkono mmoja kwenye ukumbi wa chakula ili kuwaonyesha watu nani ni nani. Aliwatusi wenzake hadharani. Aliamini wengi wao ni wezi wa mawazo na wapambe wa wakubwa. Ukifanya kazi naye, ulijua ipo siku mtakosana.

Lakini kichwani kulikuwa na moto.

Mwaka wa 1933 Zwicky alikuwa anachunguza kundi moja kubwa la galaksi linaloitwa Coma. Ni zaidi ya galaksi 1,000 zilizokusanyika pamoja, umbali wa takriban miaka milioni 300 ya nuru kutoka kwetu. Alitaka kujua kundi hilo lina uzito gani.

Utapimaje uzito wa kitu kama hicho? Fikiria ulipokuwa mtoto ukifunga jiwe kwa kamba na kulizungusha juu ya kichwa. Ukilizungusha polepole, hata uzi wa kushonea unatosha. Ukilizungusha kwa kasi, unahitaji kamba ya nguvu, la sivyo jiwe linachomoka na kuvunja dirisha la jirani. Kwa hivyo mtu akikuonyesha jiwe linalozunguka kwa kasi bila kuchomoka, unaweza kukadiria nguvu ya kamba hata kama huioni.

Kamba ya galaksi ni mvutano, nguvu ile ile inayorudisha chini mpira ulioupiga juu. Na mvutano unatokana na uzito wa vitu vyote vilivyo ndani ya kundi. Zwicky akaangalia kasi ya galaksi za Coma na akakuta zinapishana kwa tofauti ya takriban kilomita 1,000 kwa kila sekunde. Hiyo ni kama kwenda Mombasa kutoka Nairobi na kurudi kabla hujamaliza kupiga chafya.

Kisha akahesabu uzito wa nyota zote zinazoonekana humo ndani. Haukutosha. Haukukaribia kutosha. Kwa kasi hiyo kundi lote lilipaswa kuwa limesambaratika zamani. Hesabu yake ilionyesha kwamba kulihitajika uzito mara mia kadhaa zaidi ya ule unaoonekana.

Akaandika kwamba lazima kuna maada ya giza. Kitu chenye uzito, kisichotoa mwanga, kinachoshikilia kundi zima.

Aliandika kwa Kijerumani, kwenye jarida la Uswisi. Wanajimu wachache waliosoma walikuna kichwa, wakaendelea na kazi zao. Kusema kweli sidhani tunaweza kuwalaumu sana. Mtu anakuja kukwambia kwamba sehemu kubwa ya ulimwengu haionekani, na ushahidi wake ni kasi ya galaksi chache. Isitoshe, namba yake haikuwa sahihi. Siku hizo umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa vibaya, kwa hivyo mara mia kadhaa ilikuwa imezidi. Leo wanasayansi hukadiria kwamba maada ya giza ni kama mara tano ya maada ya kawaida ulimwenguni kote.

Namba ilikosea, lakini njia haikukosea. Weka hilo akilini, maana tutalirudia.

Mwaka uliofuata, 1934, yeye na mwanajimu Mjerumani aitwaye Walter Baade walitoa wazo jingine. Kwamba kuna nyota ambazo zikifika mwisho hulipuka kwa nguvu ya ajabu, na kinachobaki ni kitu kidogo, kizito mno, kilichojaa chembe zinazoitwa nyutroni. Milipuko hiyo wakaipa jina supanova, jina tunalotumia hadi leo. Nyutroni yenyewe ilikuwa imegunduliwa miaka miwili tu nyuma. Ilikuwa kama mtu kusikia leo kwamba matofali yamevumbuliwa, halafu kesho akakuchorea ghorofa.

Watu walicheka. Zwicky hakungoja wamalize kucheka. Alisukuma hadi kukawekwa darubini ndogo yenye upana wa sentimita 46 kwenye mlima Palomar mwaka wa 1936, aina inayoweza kupiga picha eneo kubwa la anga kwa mara moja. Usiku baada ya usiku akapiga picha galaksi zile zile na kulinganisha: je, kuna nukta ya mwanga ambayo haikuwepo wiki iliyopita? Katika maisha yake aligundua zaidi ya supanova 100 kwa njia hiyo. Mtu mmoja, kwa macho na vipande vya kioo vya picha.

Sasa tunafika kwenye lenzi. Na hapa lazima nikutambulishe kwa mtu mwingine, maana bila yeye hadithi haisongi.

Einstein alikuwa ameonyesha kwamba uzito hupindisha njia ya mwanga. Hilo lilithibitishwa Mei 29, 1919, jua lilipopatwa. Mwingereza Arthur Eddington alisafiri hadi Príncipe, kisiwa kilicho magharibi mwa Afrika, akapiga picha nyota zilizoonekana kando ya jua lililofunikwa. Nyota zilikuwa zimesogea kidogo kutoka mahali pake pa kawaida. Mwanga wake ulikuwa umepindwa na uzito wa jua.

Miaka ikapita. Mwaka wa 1936 mhandisi mmoja mhamiaji kutoka Czechoslovakia, Rudi Mandl, akawa na wazo. Mandl hakuwa profesa wala mwanafizikia wa kulipwa. Alijiuliza: kama jua linapinda mwanga, si nyota moja ikiwa mbele ya nyingine itafanya kazi kama lenzi? Alizunguka na wazo hilo kwa wataalamu, na wengi hawakuwa na muda naye. Hatimaye akasaidiwa nauli na ofisi moja ya habari za sayansi mjini Washington, akaenda Princeton, akabisha mlangoni kwa Einstein.

Einstein alimsikiliza. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa amefanya hesabu hiyo hiyo kwenye daftari lake mwaka wa 1912 na akaisahau. Kwa kumridhisha Mandl, akachapisha makala fupi kwenye jarida la Science Desemba 1936. Lakini akaandika wazi kwamba hakuna matumaini ya kuliona jambo hilo kwa macho. Nyota ni ndogo mno, na uwezekano wa mbili kupangana sawasawa kwenye mstari ni finyu mno. Kwa Einstein, hiyo ilikuwa hesabu nzuri isiyo na kazi.

Zwicky naye alikuwa amesikia wazo la Mandl kiangazi hicho, kupitia mhandisi wa televisheni Vladimir Zworykin. Na hapo ndipo moto wa kichwani ulipowaka.

Mbona nyota? Aliuliza. Tumieni galaksi.

Galaksi moja ina uzito wa mabilioni ya nyota. Ni pana, kwa hivyo kupangana na nyingine iliyo nyuma yake si bahati nasibu. Na inapinda mwanga kiasi cha kutosha kwa darubini kuona. Mapema mwaka wa 1937 alituma barua mbili fupi kwa jarida la Physical Review. Alisema kuziona galaksi zikifanya kazi kama lenzi ni jambo la hakika, wala si la kubahatisha.

Akaorodhesha pia faida tatu. Kwanza, tutapima upya nadharia ya Einstein. Pili, tutaona galaksi za mbali sana ambazo darubini zetu pekee haziwezi kuzifikia, kwa sababu lenzi hukuza na kuongeza mwanga. Tatu, tutapima uzito wa galaksi moja kwa moja, kwa kuangalia zinapinda mwanga kiasi gani.

Nataka utue hapo kidogo, maana hapa ndipo nilipoganda niliposoma mara ya kwanza.

Kwa nini Zwicky alikuwa na uhakika na Einstein hakuwa nao? Kwa sababu Zwicky alikuwa na uzito wa Coma mfukoni. Alikuwa tayari anaamini kwamba galaksi ni nzito kuliko zinavyoonekana. Ule uzito uliokosekana, ule ambao wenzake waliupuuza, ndio uliomfanya aone kwamba lenzi itakuwa na nguvu ya kutosha. Na lenzi hiyo ikipatikana, itakuwa mizani ya kupima kama uzito huo upo kweli au hauko. Alitoa dai, kisha akawaachia watu kifaa cha kumkamata kama amedanganya.

Kama bado unajiuliza hii lenzi inafanyaje kazi, tafuta chupa ya soda, ile ya kioo, iliyokwisha. Funga jicho moja, angalia taa ya barabarani kupitia kitako cha chupa, kisha uisogeze polepole. Utaona taa moja inakuwa mbili. Inavutika, inapinda kama upinde, na ukibahatika kuiweka katikati kabisa inakuwa pete. Taa haijabadilika hata kidogo. Ni kioo kilicho katikati kinachobeba mwanga kwa njia tofauti tofauti hadi kwenye jicho lako.

Angani kundi la galaksi ndilo kitako cha chupa. Galaksi iliyo nyuma yake ndiyo taa. Na ukijua taa imepinda kiasi gani, unaweza kukadiria kioo ni kinene kiasi gani, hata kama kioo chenyewe hukioni.

Basi, baada ya 1937, nini kilifuata?

Kimya.

Miaka kumi. Ishirini. Thelathini. Hakuna lenzi ya galaksi iliyopatikana. Vipande vya picha vya wakati huo havikuwa na makali ya kutosha, na vitu vya kufaa kuwekwa nyuma ya lenzi, viini ving'avu sana vya galaksi za mbali vinavyoitwa kwasa, havikutambuliwa hadi 1963. Wanajimu walikuwa na mambo mengine. Na pia, tuseme ukweli, si wengi waliotaka kutumia usiku wao wa darubini kuthibitisha wazo la mtu aliyewaita majina mabaya.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Zwicky alihamia upande wa roketi. Kuanzia 1943 alisimamia utafiti katika kampuni ya Aerojet, na mwaka wa 1949 Rais Harry Truman akamtunuku Nishani ya Uhuru kwa kazi hiyo. Hakuchukua uraia wa Marekani hata hivyo. Alibaki Mswisi hadi mwisho.

Urafiki wake na Baade ulikufa vibaya. Wakati wa vita Zwicky alimshutumu mwenzake huyo kuwa Mnazi, na uhasama ukafika mahali Baade akaogopa kubaki naye peke yake chumbani. Watu wawili waliotupa neno supanova, hawawezi kukaa meza moja. Siwezi kukupambia hilo.

Lakini huyo huyo, vita vilipoisha, alikusanya vitabu na majarida ya sayansi kwa wingi na kuyatuma kwa maktaba za Ulaya zilizokuwa zimeharibiwa. Miaka mingi pia alifanya kazi na wakfu wa Pestalozzi uliosaidia mayatima wa vita. Alioa mara mbili, na kwa ndoa ya pili na Margaritha Zürcher, Mswisi mwenzake, akapata mabinti watatu. Mtu hawezi kuandikwa kwa rangi moja.

Wala mawazo yake yote hayakuwa dhahabu. Mwaka wa 1929 alipendekeza kwamba mwanga wa galaksi za mbali huonekana mwekundu kwa sababu unachoka njiani, si kwa sababu ulimwengu unapanuka. Alikosea, na ushahidi wa baadaye ulizika wazo hilo.

Kati ya 1961 na 1968 alichapisha na wenzake orodha kubwa ya galaksi na makundi yake, juzuu sita. Wanasayansi waliitumia kwa miongo mingi, hata wale waliokuwa hawamsalimii. Mwaka wa 1967 huko Cambridge, mwanafunzi kwa jina Jocelyn Bell alinasa mawimbi ya redio yanayodunda kama saa. Ilikuwa nyota ya nyutroni inayozunguka. Miaka 33 baada ya watu kucheka, hatimaye moja ikatoka hadharani, na Zwicky alikuwa hai kuiona.

Hakutulia hata hivyo. Mwaka wa 1971 alijichapishia orodha nyingine ya galaksi, na kwenye utangulizi akawashambulia wenzake mmoja mmoja. Mwaka wa 1972 chama cha wanajimu cha Uingereza, Royal Astronomical Society, kilimpa Nishani ya Dhahabu. Alikuwa na miaka 74.

Fritz Zwicky alifariki Pasadena Februari 8, 1974, siku sita kabla ya kutimiza miaka 76. Alirudishwa Uswisi na kuzikwa Mollis, kijiji cha ukoo wake kule Glarus.

Lenzi ilipatikana miaka mitano baadaye.

Mwaka wa 1979 wanajimu Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann walikuwa wanachunguza kwasa mbili zilizokaa karibu karibu angani. Walipopasua mwanga wake na kuusoma, walikuta zinafanana kama pacha, kila mstari mahali pake, umbali ule ule. Ilikuwa ni kwasa moja. Katikati ya njia kulikuwa na galaksi iliyoupinda mwanga wake na kuugawa mara mbili. Taa moja, kitako cha chupa, taa mbili.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Katikati ya miaka ya 1980 zikaonekana zile pinde ndefu kwenye makundi ya galaksi. Wanajimu wakaanza kuzitumia kama mizani, hasa kama alivyoandika kwenye faida yake ya tatu. Na kila walipopima kundi, jibu likawa lile lile. Uzito ni mwingi kuliko nyota na gesi zote zinazoonekana. Vera Rubin naye, kwa kupima jinsi galaksi moja moja zinavyozunguka, alikuwa amefika hapo hapo kwa njia nyingine. Leo kuna darubini ya Ulaya iitwayo Euclid, iliyorushwa Julai 2023, ambayo kazi yake kubwa ni kuchora ramani ya maada ya giza kwa kuangalia galaksi zinavyopindwa kidogo kidogo kote angani.

Maada hiyo ni nini hasa? Hakuna anayejua bado. Hiyo kazi iko wazi.

Sasa nirudi kwa ile picha ya 2022, na kwa mimi gizani na simu yangu.

Nilipomsoma Zwicky mara ya kwanza, nilimpenda kwa sababu mbaya. Nilikuwa nimeacha chuo na nilihitaji mtu wa kuniambia kwamba wanaopuuzwa ndio wenye akili. Nikamfanya bango. Ona, huyu alichekwa, na alikuwa sahihi, kwa hivyo mimi pia.

Ni uongo, bana. Nimelisoma tena na tena na hesabu hiyo haitoki. Jamaa huyu alichekwa kwa mawazo yaliyokuwa kweli na pia kwa mengine yaliyokuwa bure, na kicheko kilikuwa kile kile. Kupuuzwa hakukumwambia yapi ni yapi. Kilichotofautisha ni kwamba lile la lenzi lilikuja na kipimo. Aliandika mtu aangalie wapi, aone nini, na akiona apige hesabu gani. Ndiyo maana watu ambao huenda hawakumpenda waliweza kumthibitisha yeye akiwa kaburini.

Na Mandl je? Huyo hakuwa na cheo chochote kwenye fizikia. Lakini alibisha mlango na swali moja safi, na swali hilo likapita kwa Einstein, likapita kwa Zworykin, likafika kwa mtu aliyekuwa na uzito wa Coma mfukoni. Sijui mwenzangu unasoma haya ukiwa darasani, kwenye foleni ya matatu au nyumbani ukingoja kitu kitokee. Mimi bado sijarudi chuo. Nyumbani nilishawaambia, ilikuwa noma, lakini tuliongea. Na nimenunua daftari la hesabu, la shilingi sitini pale dukani, na nimeanza na zile za jiwe na kamba.

Kundi lililo katikati ya ile picha linaitwa SMACS 0723. Mwanga wake ulisafiri miaka bilioni 4.6 kabla ya kuifikia kamera, na galaksi zile zilizojikunja kama ndizi ziko mbali zaidi, nyuma yake. Bila kundi hilo kuwa mbele, nyingine zisingeonekana kabisa. Hiyo ndiyo faida yake ya pili, neno kwa neno, ikiwa imekaa kwenye wallpaper ya simu yako.

Ivute karibu tena leo usiku. Na kama stima zimepotea kwenu, tafuta ile chupa ya soda, utoke nje, uangalie taa ya barabarani.